Kikombe cha Mmea

Mjinga wa kisa hiki ni Toivo, na mwenyewe hakatai. Tangu mkewe afariki, kiumbe hai pekee aliyebaki naye nyumbani, katika mji wa Duluth, Marekani, alikuwa mmea wa majani manene alioupanda marehemu. Kila asubuhi, theluji ikiwa imeziba dirisha, Toivo alijimiminia kahawa, akautilia mmea kikombe kizima cha maji, kisha akaanza kuusimulia habari za mjini. Majani yakawa manjano, yakalegea, yakadondoka. Akaongeza maji.

Hofu ilipomzidi, akauficha ndani ya koti usipigwe na baridi, akaupeleka kwa jirani yake, Aili. Aili aliminya jani, likachuruzika maji. Akaung'oa; mizizi ilikuwa myeusi na inanuka.

“Umeuzamisha, mzee mzima wewe!” alisema, akikata tawi lililosalimika. “Hili likauke pale nilipolikata wiki nzima, ndipo tulipande kwenye mchanga. Maji mara moja kwa mwezi.”

“Mwezi? Litakufa kwa kiu! Na asubuhi mimi nikae na nani?”

Aili akavuta kiti cha pili mezani.

“Uje hapa saa moja. Anayekunywa kahawa kila asubuhi ni mimi, si mmea.”