Paja la Mbao

Barua zilifika hotelini Jumanne saa nne asubuhi, wakati mpiga pasi akimalizia shuka la kumi na tisa. Siku za neema, saa kama hiyo angekuwa kwenye shuka la sitini. Lakini tangu korona iingie mjini wageni waliadimika, na mashuka yaliyobaki yalipigwa pasi ili tu yasisahau. Msimamizi wa chumba cha kufulia aliingia, barakoa ikiwa chini ya kidevu, akagawa bahasha kumi na nne kwa watu kumi na wanne: wa jikoni, wa bustani, wa vyumbani na wa kufulia. Barua zote zilisema jambo moja. Kutokana na hali ya biashara, umesimamishwa kazi kuanzia leo, hadi hapo utakapotangaziwa vinginevyo.

Mpiga pasi alizima pasi, akakunja waya wake, akavuta kiti cha plastiki ambacho kwa miaka kumi na saba alikikalia dakika kumi kila siku. Hakuweza kukaa. Magoti yalikunjika vizuri tu, lakini alipobakisha vidole vinne kufika kitini, miguu ilinyooka yenyewe ikamrudisha juu. Akajaribu tena, na tena. Mara ya tatu akakirudisha kiti ukutani, akaaga, akatoka. Alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, kwa sababu mabasi yalikuwa yamekatazwa kubeba abiria waliosimama.

Mumewe alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba. Alitengeneza viti tu, viti vya kumbi na vya migahawa, na kwa kuwa kumbi na migahawa vilifungwa, viti thelathini na viwili vilikuwa vimebebana ukutani hadi karibu na dari. Alimsikiliza mkewe bila kumkatiza. Kisha akashusha kiti kimoja, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Hebu kaa nione."

Mkewe akajaribu. Seremala akapiga goti sakafuni na tepu yake ya kupimia. Vidole vinne. Akaleta kigoda: vidole vinne. Ndoo iliyopinduliwa, ukingo wa kitanda, ngazi ya mlangoni, gunia la maranda, kote ni vidole vinne, hakuna kilichozidi wala kupungua. Aliandika vipimo vyote kwa penseli juu ya kipande cha ubao, akavitazama kwa muda, na kusema kweli alifurahi kidogo, maana ni miezi mitatu hakuwa amepata kitu cha kumfikirisha.

"Kama ni vidole vinne popote," akasema, "basi kosa si la kiti."

"Nilikuwa nimeshakuambia, baba watoto."

"Uliniambia. Sasa nimepima."

Kulala pia kulimkataa. Akawa anasinzia wima, ameegemea kabati, mto umefungwa nyuma ya shingo kwa mkanda wa suruali kuukuu. Baada ya wiki mbili nyayo zilizoea na akaacha kulalamika juu yake. Lililomkera ni jingine. Binti yao, msusi wa saluni iliyofungwa mwezi mmoja kabla ya hoteli kugawa barua, alikuwa amerudi nyumbani na mimba ya miezi minane. Mpiga pasi alikuwa amewapakata watoto wake wote, na wa dada zake, na wa majirani waliokuja kuazima chumvi tu. Huyu alikuwa mjukuu wake wa kwanza.

"Nitampakata wapi?" alimwuliza mumewe. "Mtu aliyesimama hana paja. Ana miguu tu."

Seremala akaendelea kuramba penseli.

Aliyeleta mwanga ni jirani yao, dereva wa basi la shule. Shule nayo ilikuwa imefungwa na yeye alikuwa amemwaga unga, ila barua yake ilitumia neno jingine: yeye alikuwa amepunguzwa. Tangu aisome alikuwa akipungua, na sasa alimfikia mpiga pasi kiunoni. Hakuwa peke yake. Waliopunguzwa walikuwa wengi mtaani, na fundi wa nguo wa pale kona, aliyedhani mwaka ule angekufa njaa, alishinda akikata miguu ya suruali za watu wazima. Dereva alipanda kwenye kigoda, akakaa vizuri, akaomba aonyeshwe barua. Aliisoma akifuata mistari kwa kidole.

"Shemeji, tatizo ni neno," akasema. "Mimi limenipunguza, wewe limekusimamisha. Lakini mimi walinimaliza, wakanipa kiinua mgongo changu, nikaenda zangu. Nimekuwa mfupi, sawa, ila nakaa. Wewe hawajakumaliza. Ungeachishwa kazi, saa hizi ungekuwa umekaa."

Seremala akaandika neno "kuachishwa" kwenye ubao, chini ya vipimo.

Kesho yake mpiga pasi akavaa gauni lake la kutokea, akapiga moyo konde, akaenda hotelini. Afisa utumishi alimpokea nyuma ya karatasi kubwa la plastiki lililoning'inizwa kutoka darini. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alionekana mrefu kuliko kawaida yake, kwa sababu alikuwa amekalia mafaili yao kumi na manne, yamepangwa juu ya kiti.

"Karibu mama, kaa."

"Nimesimamishwa."

"Ah, kweli. Samahani."

"Nimeleta maombi mawili, mwanangu. Unipe mojawapo tu, siyo yote. Nirudishe kazini, au niachishe."

Afisa akavua miwani iliyojaa ukungu wa barakoa, akaifuta. "Kukurudisha, mama, wageni hakuna. Utapiga pasi nini?"

"Basi niachishe."

"Hapo ndipo pagumu. Nikikuachisha, sheria inanitaka nikupe kiinua mgongo cha miaka kumi na saba. Ukiwa umesimamishwa unabaki kuwa wetu."

"Wenu kwa lipi? Mshahara sipati."

"Kwa faili," akasema afisa, akapapasa chini ya paja lake. Faili la mpiga pasi lilikuwa la tatu kutoka juu.

"Mgongo wangu umeshainuka, baba. Ninachotaka ni ushuke. Mwezi ujao napata mjukuu, nataka kumpakata."

Afisa alifikiri kwa dhati. Alichukua hata fomu yenyewe, akaipitia mbele na nyuma. "Hapa hakuna sehemu ya mjukuu," akasema hatimaye, na ilionekana limemuuma. Akamsindikiza hadi mlangoni. Alipoinuka mafaili yalibaki kitini yakiwa na umbo lake.

Seremala hakukata tamaa upesi hivyo. Kwa kuwa tatizo ni neno, akaona ajaribu neno. Aliandika barua ya kwake, kwa lugha nzito ya ofisini, akisema kuwa kutokana na hali ya nyumbani mke wake amekalishwa kuanzia leo. Alichonga mhuri kwenye kipande cha mti, akaupaka wino wa kalamu, akaugonga kwa nguvu. Mpiga pasi akaisoma barua kwa sauti, akashuka taratibu kuelekea kitini, binti yao akishika tumbo kwa mikono miwili. Seremala akapima.

"Vidole viwili," akasema. "Imefika nusu!"

Wakajaribu tena wakiwa wameongeza nakala kwa wahusika wote. Ilibaki vidole viwili. Kufika jioni wino ulikauka, na vidole vikawa tena vinne. Mpiga pasi aliingia chumbani akalia, akiwa amesimama, uso umeegemea mlango wa kabati. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na mumewe alimsikia wazi kupitia ukuta wa mbao, akaona haya kwamba alikuwa amelifanyia mchezo jambo lile.

Mjukuu alizaliwa siku ya mvua, msichana, mzito kwa umri wake. Bibi alimbeba begani, akambeba mkononi, akambeba mgongoni. Mtoto alikubali yote kwa muda mfupi, kisha akaanza kujinyonganyonga akitafuta mahali fulani chini ya kifua cha bibi yake ambapo hapakuwa na kitu, na asipopaona alilia hadi akapewa mama yake, ambaye alikaa naye bila shida yoyote. Hilo lilijirudia kila siku.

Siku ya tisa seremala akashusha kiti kimoja kutoka kwenye lundo, akakivunja. Kwa miaka yote hakuwahi kuvunja kiti kizima. Alichukua mbao za kukalia, akaziunganisha, akachonga ndani yake mapaja mawili yaliyokaribiana, na katikati yake bonde la kumpokea mtoto. Alimwita mkewe mara tano kuja kulinganisha. Akakumbuka lile la kushoto lilikuwa nene kidogo, akaongeza. Akapiga msasa siku mbili, akaweka mikanda ya mabegani na mwingine wa kiunoni. Lilipovaliwa, paja lilikaa mbele ya mpiga pasi chini kidogo ya kitovu. Mtoto alilazwa pale, akajinyonganyonga, akatulia.

"Linamfaa?" akauliza seremala.

"Linamfaa yeye," akasema mkewe. "Mimi simsikii."

Kweli hakumsikia. Uzito aliusikia mabegani kupitia mikanda, lakini ule ujoto wa chini ya mtoto, na lile teke dogo la usingizini, vyote viliishia kwenye mbao. Hata hivyo alilivaa kila siku, na habari zikafika kwa wenzake kumi na watatu. Wa kwanza kuja alikuwa mpishi wa keki, aliyekuwa na mapacha. Mtunza bustani alitaka la kuwekea sahani, maana amechoka kula kama farasi. Ndani ya miezi mitatu seremala alikuwa ametengeneza mapaja kumi na moja. Viti vilivyobaki viliendelea kushika vumbi, na yeye akawa anajulikana mtaani kama fundi mapaja, jina alilolikubali kwa sababu jina lolote la kazi mwaka ule lilikuwa heri.

Kisha ugonjwa ukalegea na hotelini pakapakwa rangi mpya. Afisa utumishi alipita mwenyewe karakanani kuagiza viti arobaini vya mgahawa, vyenye mito. Alimkuta mpiga pasi mlangoni, amempakata mjukuu kwenye mbao.

"Shikamoo mama. Naona mambo yamekaa vizuri."

"Marahaba. Mambo yamekaa. Barua yangu je?"

"Bado ipo mezani, mama. Mtatangaziwa."

Seremala aliongeza viti alivyopungukiwa, akavalisha vyote mito ya sponji. Siku ya kuvipeleka mpiga pasi alifuatana na mkokoteni, mjukuu wa miezi minane akiwa mbele yake, kwa sababu alitaka kujua. Sijui kama yeye mwenyewe angeweza kueleza alitaka kujua nini. Walivipanga viti kwenye veranda ya nyuma, karibu na chumba cha kufulia, na mvuke wa pasi ulikuwa unatoka dirishani vilevile kama zamani.

Msichana wa miaka ishirini hivi akatoka na mikono yenye malengelenge, akawasalimia.

"Wewe ndiye wa pasi?" mpiga pasi akamwuliza.

"Ndiyo, bibi. Wiki ya pili sasa."

"Ile ya dirishani bado inavuja?"

"Inavuja mpaka inanitia madoa kwenye shuka!"

"Usiijaze maji. Weka nusu, uache ipate moto kabisa ndipo uguse nguo. Ina kiburi, lakini ukiizoea hutaki nyingine."

"Kumbe!" Msichana akacheka. "Hakuna aliyeniambia."

"Barua yako ya kazi imeandikwaje?"

"Mimi sina barua, bibi. Wakala hunipigia simu jioni. Njoo kesho, au usije. Basi."

Msichana alikuwa na dakika kumi za kupumzika. Akavuta kiti kimoja, akakaa na kunyoosha miguu. Seremala, ambaye maisha yake yote hutazama kwanza kiti kinavyompokea mtu, akatazama. Mto haukubonyea. Akasogea, akabonyeza kwa dole gumba mto wa kiti cha jirani, ukabonyea sawasawa. Akarudi kuutazama wa msichana. Ulikuwa umetuna vilevile kama ulivyotoka karakanani, naye msichana amekaa juu yake akijipepea. Seremala alitoa tepu mfukoni, akaishika kidogo, akairudisha: hapakuwa na barua, wala neno la kupima.

"Bibi, mbona hukai? Viti vyote hivi!"

"Nimesimamishwa."

"Oo, pole. Basi nipe mtoto nimpakate, upumzishe mabega."

Mpiga pasi aliona wivu, wivu wa waziwazi, na mikono yake ilichelewa kwenye mikanda kuliko ilivyohitajika. Lakini mabega yalikuwa yanamuuma tangu asubuhi, na mtoto alikuwa ameshanyoosha mikono. Akampa.

Mtoto akajinyonganyonga mapajani mwa msichana, akapaona mahali pake, akatulia. Akarusha teke dogo. Bibi alisimama pembeni, paja lake tupu la mbao likiwa mbele yake, akimwangalia. Mto wa kiti ukabonyea kidogo, kiasi cha mtoto wa miezi minane.