Praima ya Kijani

Aliyegonga gari langu hakuacha hata kipande cha karatasi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bonyeo lenyewe. Nililiegesha Jumatatu asubuhi kando ya barabara ya kliniki, matairi yamekaa sambamba na ukingo, nikaingia duka la vipuri kumtafutia mteja wangu kioo cha pembeni. Sikukaa hata nusu saa. Nilipotoka, mlango wa dereva ulikuwa umekunjika, fenda ya mbele upande wa kulia imeingia ndani hadi imelibana tairi, na kioo changu cha pembeni kinaning'inia kwa waya. Nikasimama pale na kioo cha mtu mwingine mkononi, kama zuzu.

Mimi ni fundi wa bodi na rangi. Mwaka wa kumi na nane huu nanyoosha mabati ya watu. Gari lile la bluu nililipaka mwenyewe, mikono saba ya rangi, na wateja wengi walikuja gereji kwa sababu waliliona barabarani wakaniuliza nani kalitengeneza. Kwa hiyo msinishangae kwamba nilitukana. Nilitukana hadi muuza vipuri akatoka nje, akanishika bega.

Yeye alisikia mlio, akadhani ni geti la jirani. Mlinzi wa kliniki alinieleza kwa utulivu wa kukera kwamba kazi yake ni kulinda kilicho ndani ya uzio, na gari langu lilikuwa nje ya uzio. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vocha chini ya mwavuli ndiye pekee aliyeona kitu. Alisema ni gari jeupe, dogo. Namba hakushika. Kilichomshangaza ni kwamba halikupunguza mwendo wala halikuongeza. Lilipita tu, likaenda zake.

Maneno hayo yalinikaa rohoni kama mfupa kooni. Ile ndiyo barabara wanayovuka watoto wa shule kila siku, na mmoja wao ni binti yangu wa miaka minane. Mtu anayeweza kuikunja fenda ya mwenzake bila hata kugeuza shingo, siku akimpitia mtoto atasimama? Nilitaka apatikane. Bati lingenyooshwa, lakini huyo mtu nilimtaka atoke barabarani kabla hajatuletea msiba.

Jioni nilimsimulia mama yangu. Mtaani wanamwita Dereva, si kwa utani, kwani aliendesha gari la wagonjwa kwa miaka thelathini na moja, enzi ambazo watu walikuwa wakisimama kutazama mwanamke akishika usukani. Hajawahi kuandikiwa kosa hata moja. Ni yeye aliyenifundisha kuendesha, na kila nilipogusa ukingo alinipiga kofi la kisogo. Siku hiyo naye alikuwa ametoka kliniki hiyo hiyo kupima presha, akasikitika kwamba tulipishana. Nilipomaliza kusimulia, alikuwa amekasirika kunishinda.

"Kugonga ni ajali," alisema. "Kugonga ukaenda zako ni ushenzi. Mtu kama huyo anyang'anywe leseni, hata awe nani."

Nikamwambia ndiyo maana nakwenda polisi kesho. Akaniambia nisikubali wanizungushe.

Walinizungusha. Askari wa zamu aliniuliza namba ya gari lililonigonga. Nikamjibu kwamba ningekuwa nayo nisingekuwa nimekaa kwenye benchi lake. Hakupenda. Aliandika "gari jeupe", akatazama alichoandika, akanikumbusha kwamba nusu ya magari ya mji huu ni meupe, likiwemo la mkubwa wake. Kisha fomu zikawa zimekwisha, nikatumwa kutoa nakala nje, na pale nje umeme ukawa umekatika. Nilipata fomu yangu saa kumi jioni, ikiwa na jina langu limekosewa.

Watu wa bima nao wakawa na lao. Nilikuwa nimekata bima kubwa, nikijisifu kwamba mimi si wale wa kubahatisha. Wakala akanipigia simu na sauti yake tamu, akasema gari livutwe hadi gereji lakini lisiguswe na mtu yeyote mpaka mkaguzi alione. Nikamweleza kwamba gereji ni yangu na fundi ni mimi. Akasema hasa mimi ndiye nisiliguse. Basi gari likakaa katikati ya karakana yangu siku tatu, fenda imeng'ata tairi, nami nikilizunguka na nyundo mkononi. Kazi ya kulifanya litembee ilikuwa ya dakika kumi. Umewahi kumwona daktari aliyefungwa mikono mbele ya mgonjwa wake? Ndivyo nilivyojiona.

Tatizo likawa shule. Mke wangu huondoka alfajiri kwa zamu ya kiwanda cha mikate, hivyo kumpeleka na kumrudisha mtoto ilikuwa kazi yangu na gari langu. Mama hakungoja kuombwa. Alisema kuanzia Jumanne mke mwenzake, ndivyo anavyomwita mjukuu wake, atakwenda shule na dereva wa kweli. Nilishukuru. Kila asubuhi gari lake dogo jeupe lilisimama mbele ya geti letu, upande wa kulia ukitazama nyumba, binti akachupa ndani, wakaondoka wakicheka. Sikuwa na jambo jingine lililonipa amani wiki ile.

Mchana nilisaka magari meupe. Nilipita maegesho ya soko, ya benki, ya hospitali, nikiinama kutazama ubavu wa kushoto wa kila gari jeupe, maana aliyenikwangua alipita na ubavu huo. Nusura nipigane na dereva wa gari la mikate aliyenikuta nimepiga magoti kwenye tairi lake. Kila jioni nilimpa Mama ripoti, naye alinitia moyo nisichoke. Mkaguzi aliniahidi Jumatano, akaniahidi Alhamisi, kisha akazima simu.

Binti yangu naye alikuwa na habari zake. Jumatano alirudi na tawi la michongoma, akasema liliingia dirishani. Bibi anapenda kupita karibu na ua, akasema, mpaka majani yanaimba. Nilikuwa nimeshika simu nikisubiri wakala apokee. Nikamwambia vizuri, akaoge.

Mkaguzi alikuja Ijumaa saa nne na nusu. Alipiga picha sita, akaniuliza kama bonyeo halikuwepo zamani, akajaza karatasi zake na kuondoka bila kukaa hata robo saa. Kwa robo saa hiyo nilikuwa nimesubiri siku nne. Nilichukua nyundo na mtalimbo mdogo kabla vumbi la pikipiki yake halijatulia.

Nilianza na fenda. Ilipoachia tairi nikaushika mlango, nikaufungua ule ukanda wa mpira unaopita ubavuni. Nyuma yake, kwenye mkunjo wa bati, kulikuwa na ganda la rangi limenasa, saizi ya ukucha. La aliyenigonga. Nikalitoa kwa ncha ya kisu na kuliweka kiganjani. Juu lilikuwa jeupe, kama alivyosema yule mama wa vocha. Nilidondoshea thina kidogo, na weupe ukayeyuka. Rangi ya kiwandani haiyeyuki hivyo. Hii ilipakwa na fundi wa mtaani kama mimi, tena si zamani. Nilifurahi, nasema ukweli. Nikajua nitawazungukia mafundi wenzangu na kabla ya jua kuzama nitakuwa na jina.

Kisha nikaligeuza.

Chini lilikuwa kijani. Mafundi wote ninaowajua hutumia praima, ile rangi ya kwanza inayoshika bati, ya kijivu au nyekundu ya udongo. Kijani naitumia mimi peke yangu, kwa sababu nilinunua madebe manne kwa mtu aliyekuwa akifunga karakana ya mashine za kulimia, na wenzangu wakanicheka kwamba nitapaka magari rangi ya vyura. Nilikuwa nimeanza debe la kwanza mwezi uliopita. Gari jeupe lililokuwa limepita mikononi mwangu tangu siku hiyo lilikuwa moja. Nililipaka fenda ya kushoto, bure, kwa sababu mwenyewe aliniambia amegongwa sokoni na watu wasio na adabu.

Nilitazama saa. Saa sita kasoro dakika ishirini. Shule hutoka saa sita.

Sikumbuki nilimwambia nini dereva wa bodaboda niliyemsimamisha. Nakumbuka kwamba njia nzima nilihesabu. Fenda ya mwezi uliopita. Mlango wa nyuma baada ya mwaka mpya, nguzo ya benki. Kabla ya hapo mkwaruzo mrefu, ambao alisema ni wahuni wenye msumari. Zote kushoto. Kila mara aliniletea akilalamika, kila mara nilinyoosha, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka, na kumrudishia gari lililo kama halijawahi kuguswa. Nilijisifu hata. Mganga gani huyo anayefuta upele wa mgonjwa kila wiki na haulizi unatoka wapi? Nilikuwa na hasira na mtu mmoja tu wakati huo, na alikuwa mimi, niliyepakiwa nyuma ya pikipiki ile.

Alikuwa ameshafika. Gari lilikuwa limesimama ng'ambo ya geti la shule, yeye akiwa kwenye usukani, mkoba mapajani, anatazama mbele. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilipita upande wa kushoto. Fenda niliyoipaka ilikuwa imechubuka hadi kwenye kijani, na ndani ya mchubuko kulikuwa na mistari ya bluu. Bluu yangu.

Nilisimama pale pale, hatua mbili kutoka kwenye taa ya kushoto, nikainua mkono. Mama hakugeuka. Nikaupunga. Aliendelea kutazama mbele, midomo ikiimba kitu. Nikaupunga tena kama mtu anayezama, na mama yangu, aliyekuwa akiona shimo usiku wa mvua akiwa na mjamzito nyuma, hakuniona.

Nilizunguka hadi dirisha lake. Alishtuka, kisha akafurahi, akauliza kama gari limepona. Nikamwomba ashuke kidogo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno ya siku nne, yale yote niliyomwekea mwenye gari jeupe. Niliyaacha yote. Nilimshika mkono nikampeleka mbele ya fenda.

Alipogeuza uso mzima aliiona vizuri. Bluu ile anaijua, yeye ndiye wa kwanza kupanda gari langu lilipokauka. Aliigusa kwa kidole. Kengele ya shule ikalia juu ya vichwa vyetu.

"Jumatatu nilisikia kitu," alisema. "Nikadhani ni shimo."

Mkono wake ukahama kwenye fenda, ukapapasa mlango wa mbele, ukafika mlango wa nyuma, ukasimama.

"Hapa palibonyea. Nguzo ya benki."

"Ndiyo, Mama."

"Na huu mkwaruzo wa wahuni ulipita hapa." Alipapasa tena, polepole, kama anatafuta mshono kwenye kitambaa. "Mbona hapana kitu?"

"Nilinyoosha."

Aliutoa mkono kwenye bati. Sijawahi kumwona mama yangu na uso ule, hata tulipomzika baba.

"Ungeniachia hata bonyeo moja, mwanangu," alisema. "Nikaliona."

Nilimwomba radhi. Nikamwambia kuna madaktari wa macho, tutakwenda Jumatatu, huenda ni jambo la kutibika. Aliitikia kila neno bila kusikiliza. Kisha akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa funguo na kuniwekea kiganjani, juu ya lile ganda la rangi nililokuwa bado nimelishika.

"Nilisema hata awe nani," alisema.

Binti yangu alitoka getini mbio, begi likimruka mgongoni, akauliza kwa nini nimekuja na nani atakaa mbele. Nikafungua mlango niwapeleke mimi nyumbani. Mama akakataa. Alitaka kutembea, gari nitalifuata baadaye. Basi tukaondoka kwa miguu, mtoto katikati yetu, ameushika mkono wa kushoto wa bibi yake na kuuchezesha.

Tulipofika pa kuvuka, Mama akasimama. Alitazama barabara, akamtazama mtoto, akamwachia mkono.

"Njoo huku, mke mwenzangu," alisema, akamzungusha mbele yake na kumshika kwa mkono wa kulia, upande anaoona.