Mutobe wa Bazilio

Chwa! Chwa! Chwa!

Mlio ule ulimfikia Reverien angali mbali, kabla hajaona paa wala ua. Ulitoka nyuma ya migomba: mikono ya mwanamume inaponda ndizi mbivu pamoja na majani makavu, ndani ya mtumbwi wa mti, maji yanaruka, mtu anacheka. Ukanyamaza kidogo, kisha tena, chwa! chwa!

Kijiji kizima cha Murungu kiliujua mlio huo. Ukisikika Ijumaa, Jumapili jioni wanaume wanarudi nyumbani wakishika ukuta.

Reverien alisimama njiani, Biblia kwapani, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Damu ikampanda. "Leo?" alijisemea. "Siku ya maombi, leo hii?"

Ua aliokuwa akiuendea ni wa mzee Bazilio. Bazilio na mkewe Immakulata walivuka mpaka pale Manyovu, wakimbizi, mwaka ule mbaya wa sabini na mbili, wakiwa na mkeka na sufuria. Serikali ilipowakusanya watu vijijini, nao wakapewa kiwanja mwisho wa mstari wa nyumba. Immakulata akawa mtu wa kanisa. Bazilio akawa mtu wa urwarwa, pombe ya ndizi; akaikamua vizuri hata wanywaji wakamfuata kutoka vijiji vya jirani. Kanisani hakutia mguu. Lakini mvua za mwaka huu zilipokwisha, Immakulata aliugua kifua, akalazwa hospitali kule Kibondo, na Bazilio akaenda mwenyewe kwa Ildefonsi, mzee wa kanisa, akavua kofia. Aliomba Wakristo waje kusali nyumbani kwake kabla mkewe hajarudi. Immakulata ndiye aliyemtaka afanye hivyo, naye alikuwa amemkubalia.

Ildefonsi akamtuma Reverien atangulie. Alimtuma kwa sababu kanisa zima halikuwa na ulimi mkali kama wake. Reverien hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alijifundisha mwenyewe kupanga maneno, na mahubiri yake yalikuwa na vina. Akiwasema walevi, akina mama walipiga vigelegele. Alijua kwamba wanapiga. Nyumbani, kabla ya kulala, aliyarudia yale maneno yaliyopigiwa.

Basi akaingia uani kama askari. Bazilio alikuwa ameinama juu ya mtumbwi, mikono imezama ndani mpaka kwenye viwiko, povu limemjaa. Katikati ya ua palikuwa na mtungi uliojaa, nao una povu mdomoni, na mirija mipya ya matete imesimamishwa ndani yake. Kando ya mtungi, juu ya kigoda, aliketi Gharibu, mwenye duka wa Kibondo ambaye asili yake ni Pangani. Alikuja kununua maharage, na mkononi ameshika kibuyu.

"Amahoro, mwana wanje!" Bazilio alimkaribisha, uso umemng'aa. "Karibu, karibu! Umewahi. Wenzako wako wapi?"

"Hata wewe, Gharibu?" Reverien alisema, bila kuitikia salamu. "Hata Mwislamu, mzee huyu amekwisha kumwangusha?"

Gharibu akatazama kibuyu chake, akamtazama kijana. "Kaniangusha wapi tena, bwana? Mimi mbona nimekaa?"

Bazilio akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu. Reverien aliona anachekwa yeye, linachekwa kanisa, anachekwa Mungu. Maneno yakamjia yakiwa yamekwisha kupangika, kama kawaida yake.

"Umetuita kwenye sala, kumbe umetuandalia hila! Nyumba ya kuombewa, ndiyo umeitia uchafu huu?"

Na mguu wake ukaupiga mtungi.

Mtungi ulilala ubavu, ukajiviringisha, ukapasuka kwenye jiwe la kunolea. Maji yale yakatambaa uani, ya rangi ya asali, yakaingia chini ya kigoda cha Gharibu, yakalowesha kiatu cha Reverien. Kuku wakakimbia, kisha wakarudi kuonja.

Katika nchi ya Waha, na ng'ambo ya mpaka vilevile, mgeni anaweza kukataa kinywaji, anaweza hata kumgombeza mwenye nyumba. Lakini kukimwaga kinywaji uani kwake ni kumwambia kwamba humhesabu kuwa mtu.

Bazilio alitoa mikono yake mtumbwini polepole. Hakuipangusa.

"Niliambiwa nyinyi hamnywi kile kingine," alisema. "Basi nikawakamulia mutobe."

Reverien akasikia harufu. Ilikuwa inapanda kutoka kwenye kiatu chake, tamu, nzito kidogo, haina ule ukali unaochoma puani. Mutobe. Maji ya ndizi yaliyokamuliwa saa hiyohiyo, ambayo hayajatiwa mtama wala hayajalala. Wanakunywa watoto, wanakunywa wanaonyonyesha, anapewa mgonjwa. Na ndizi bado zilikuwa zinapondwa mbele ya macho yake! Yeye, aliyezaliwa Murungu, ambaye baba yake alikuwa na mtumbwi kama ule, alijua wazi kwamba hakuna urwarwa unaonywewa siku ile ulipokamuliwa. Alijua tangu alipousikia ule mlio kwenye migomba. Hakutaka kujua, kwa kuwa mahubiri yalikuwa tayari mdomoni.

"Astaghfirullahi," Gharibu alisema taratibu. Akamnyooshea kibuyu chake kilichobaki nusu. "Hebu onja, kijana. Onja uone nilivyoanguka."

Hapo ndipo angeweza kupiga magoti. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini Gharibu anatazama, Bazilio anatazama, na uso wake Reverien umewaka kama uliomwagiwa uji wa moto.

"Leo mutobe, kesho urwarwa," alisema. "Mti ni uleule."

Akageuka, akaondoka. Kule njiani alikutana na wenzake wanakuja na vitabu vya nyimbo. Akawaambia warudi, hakuna maombi. Hawakuuliza sababu, walikitazama kiatu chake kilichojaa povu, wakaelewa walivyopenda kuelewa.

Jumapili, kanisa la udongo lilijaa. Ildefonsi alisimama mbele kutoa matangazo, akakohoa, akatabasamu.

"Ndugu zangu, kuna watu wanafikiri kanisa ni mahali pa mchezo. Mzee mmoja, simtaji jina, mwenyewe mnamjua kwa mtumbwi wake..." Watu wakaanza kucheka. "Alituita kumbe ametutegea mtungi! Lakini tunaye kijana hapa. Huyu kijana hakubembeleza. Aliupiga teke!"

"Haleluya!" kanisa likaitikia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtu mmoja akaigiza teke kwenye benchi, wakacheka zaidi.

Reverien aliinua macho, pengine ili ajizuie asizame, na ndipo akamwona. Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, ameketi Bazilio. Amevaa koti kuukuu la sufu lililopigwa pasi, kofia iko magotini, na vidole bado vina weusi wa utomvu wa ndizi. Alikuja. Baada ya yote yale, alikuja. Alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, kama mtu anayesubiri shahidi amalize kuzungumza.

Ilikuwa desturi ya kanisa lile kwamba mwenye jambo moyoni husimama akaliweka wazi mbele ya wote. Reverien mwenyewe aliwasimamisha wengi: mwizi wa kuku, mke aliyemficha mumewe nyama. Aliwaambia kwamba kusema ni rahisi, ni kufungua mdomo tu. Ildefonsi akauliza, kama kila Jumapili, "Yuko mwenye neno?"

Reverien akasimama.

Akamwona Bazilio amesogeza kofia yake, ameinamisha kichwa kidogo kusikiliza. Yalikuwa maneno machache tu: ule ulikuwa mutobe. Hata vina hayakuhitaji. Lakini vigelegele bado vilikuwa vinamlia masikioni, na nyuso zote zile zilimwangalia kwa upendo, na Reverien akafungua mdomo, akaanzisha wimbo.

Kanisa likauchukua kwa nguvu, na makofi. Ulipofika ubeti wa pili, benchi la mwisho halikuwa na mtu.

Siku hiyo hakula. Mama yake alidhani amefunga, akamsifu. Kila kitu kilichomgusa kilikuwa sifa, na kila sifa ilimwingia kama mwiba unaokatikia nyamani. Alijaribu kusali, maneno yakaja yamepangika vizuri mno, akaacha.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Bazilio. Safari hii hapakuwa na mlio wowote. Mzee alikuwa ameketi chini, ameegemea mtumbwi, macho mekundu. Harufu ilikuwa ya ule ukali wenyewe, mtama na uchachu.

"Karibu, mhubiri," alisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Ule mutobe uliobaki mtumbwini nimeutia mtama. Umeiva haraka, sikuungoja hata uchujike. Piga teke basi. Leo umepata chenyewe."

"Mzee Bazilio..."

"Nilikaa siku zote hizo bila tone. Muulize Gharibu. Nikasema, Immakulata akirudi atakuta mume wake ni mtu. Nimekuja kwenu sijanywa, mmecheka. Nikinywa mnacheka. Sasa si afadhali ninywe?"

"Nimekosa," Reverien alisema. Ikatoka sauti ndogo, ya mtu mwingine.

"Umekosa." Bazilio akatikisa kichwa, kama anayekubaliana kuhusu mvua. "Sawa. Umeniambia mimi, mbele ya kuku. Wale watu jana kanisani walikuwa wangapi?"

Reverien alitazama kiatu chake.

"Mke wangu anataka habari ya sala. Kila lori likitoka Kibondo anamtuma mtu aniulize: wamekuja? Wameimba wimbo gani? Mimi kule siendi na mdomo huu. Nenda wewe. Unajua kusema. Kamwambie."

Akafumba macho. Reverien akamfunika koti lake lililokuwa limeanguka, akaenda kuazima baiskeli.

Barabara ya Kibondo ilikuwa vumbi jekundu na vilima. Kwenye kila mpando alishuka akasukuma, na kwenye kila mteremko alitunga namna ya kumwambia. Alitunga ya kwanza, nzuri, yenye mfano wa mti na tunda. Akaitupa. Akatunga ya pili.

Alifika wakati wa kuona wagonjwa. Immakulata alikuwa kitanda cha dirishani, amekonda mpaka kitenge kinamzunguka mara mbili, lakini macho yalikuwa yaleyale, ya mwanamke asiyepunjwa sokoni.

"Yee, ni Reverien! Mhubiri mwenyewe kaja kunizika, na mimi bado sijafa?"

"Amahoro, mama. Unaendeleaje?"

"Naendelea kukohoa. Kaa. Usikae kama unayekimbia, kaa vizuri. Haya, niambie. Mliimbaje? Na ule mutobe, ulikuwa mtamu? Nilimwambia atumie zile ndizi za nyuma ya choo, ndizo tamu, asione aibu."

Reverien alitazama mikono yake. "Mama, ndimi ambaye... Kuna wakati jicho la mtu hufungwa na kiburi, moyo nao ukawa..."

"Aa-aa," Immakulata alimkatiza. "Hayo ni ya mimbarini. Mimi kifua kinauma, sina nafasi ya mashairi. Sema kilichotokea."

Akasema. Alisema yote: mlio, mtungi, teke, kibuyu cha Gharibu. Alisema kanisa lilivyocheka na Bazilio yuko palepale. Alisema alivyosimama, na badala ya kusema akaimba. Akasema na ule mtama ambao Bazilio aliutia kwenye mutobe. Hakuna neno lililokaa vizuri na jingine. Yalitoka kama mawe kwenye kapu lililotoboka. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani ili asionekane anasikiliza.

Chozi lilimtoka Immakulata jicho moja, akaliacha.

"Anakunywa tena," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii nimemwambia, twende kule kwa wenzetu, hawatakucheka. Huwajui, Bazilio. Ni watu wa Mungu." Akakohoa, akashika ubavu. "Umenifanya mwongo, Reverien."

Hilo hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa tusi, hata kwa laana. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa ukingo wa kitanda, na hapo, mbele ya wodi nzima, akalia bila kujificha.

"Inuka," mwanamke alisema. "Machozi yako yatanifaa nini? Yupo mtu Murungu anayejua kwamba ule ulikuwa mutobe?"

"Gharibu tu."

"Gharibu hasali kwenu."

"Nitasema, mama."

"Utasema lini? Jumapili ulisimama ukaimba. Na Bazilio hatakuwepo, nakwambia mapema, harudi pale hata mtu akimbeba. Utasema na benchi lake tupu? Na Ildefonsi amekukazia macho? Wakikuzomea je?"

Reverien alijipangusa uso kwa mkono wa shati, ambao haukuwa mweupe tena kwa vumbi la njia. Akatafuta maneno mazuri, hakuyapata, na safari hii hakuyangoja.

"Mama Immakulata, nakuahidi. Jumapili nitasimama, awepo asiwepo, wanizomee wasinizomee. Nitasema ule ulikuwa mutobe, alitukamulia sisi, nami niliumwaga, na walipomcheka nilinyamaza. Sitaimba. Kisha nitakwenda kukaa naye pale mtumbwini, hata akinifukuza, mpaka wewe urudi."