Riwaya Si Ramli

Wanaosema watu wa Bwera hawasomi ni waongo, na wengi wao hata hawajawahi kufika Bwera. Kila Ijumaa alasiri, soko la mpaka wa Uganda na Kongo likianza kulegea, wanawake walikuwa wakikusanyika kwenye baraza ya duka la vipuri la Rahmah, na kabla hata chai haijamiminwa swali lilikuwa moja: "Siku hizi unasoma nini?"

Gorret, mwalimu wa chekechea, alisoma riwaya za mapenzi za Kiingereza zinazopangwa chini kando ya barabara mjini Kasese, zile zilizonyofoka kurasa za mbele, ndiyo maana hakujua mwanzo wa hadithi hata moja. Shallon wa kibanda cha simu alisoma hadithi za mtandaoni, na sehemu ikikatika patamu alimtukana mwandishi kana kwamba yuko hapo barazani anakula mandazi yake. Alisi, fundi cherehani, alisoma Biblia na kijitabu cha maisha ya ndoa alichopewa kanisani, na hicho kijitabu alikibishia ukurasa kwa ukurasa.

Rahmah alisoma riwaya za Kijapani. Za Kijapani chenyewe, si tafsiri. Alikuwa ameishi Japani na mumewe Swalik, aliyekuwa kibarua kwenye yadi ya magari makuukuu, na mama mwenye nyumba wao, mjane asiye na wa kuzungumza naye, alimfundisha kusoma kidogo kidogo huku Rahmah akimpikia. Rahmah aliporudi Bwera, Swalik alibaki kule. Kila alipopakia gari la mteja wa Kasese alichomeka riwaya moja chini ya kiti cha dereva, na wenye magari walizoea kuileta dukani pamoja na salamu.

Ya safari hii ilikuwa nene. Ilifunguliwa kutoka kulia kama msahafu, na mistari yake ilishuka kutoka juu kwenda chini. Rahmah alipitisha kidole kwenye mstari, kisha akaisimulia kwa Kiswahili cha pale pale. Ilihusu nyumba ya wageni kando ya ziwa, sanduku la mwenye nyumba lililopotea, na mpishi mmoja mzee anayemshuku kila mtu. Wanawake walimpenda sana yule mpishi. Alisi aligombana naye waziwazi. "Huyu mama iko na mudomo!" alisema. "Afunge mudomo, apike!"

Ijumaa hiyo Rahmah aliwafikisha mahali ambapo kijiji kizima kinakubaliana kwamba mwizi ni yule mchuuzi wa ziwani asiye na kidole. Hapo hapo akafunga kitabu. Ndivyo walivyozoeana: wakatiwe patamu, wapige kelele, waende nyumbani wakikisia.

Mlangoni alikuwa amesimama shemeji yake, Badiru, kaka mkubwa wa Swalik, akingoja mkanda wa feni. Lori lake linaloshusha kahawa kutoka Kyondo lilikuwa limeibiwa betri wiki hiyo, na tangu hapo alikuwa anatembea na uso uliokunjamana. Akaona kitabu kinachofunguliwa kutoka kulia. Akaona kidole kikishuka, wanawake wameshika pumzi. Akasikia: mtu wa ziwani, hana kidole.

Lazima mjue kwamba huku kwetu mali ikipotea polisi huitwa baadaye. Kwanza hutafutwa mtu mwenye kitabu. Hukifungua, hukuuliza ulizaliwa siku gani, halafu hukuambia mwizi wako anafananaje. Badiru alikuwa amewaendea watu hao maishani mwake zaidi ya alivyoenda msikitini, na sasa akaona kwamba kumbe alikuwa naye nyumbani, mke wa mdogo wake, anaficha elimu yake kwa wanawake na mandazi. Hakuuliza kitu. Wanaume wa aina ya Badiru hawaulizi wanawake kitu. Alichukua mkanda wake akaondoka.

Jumanne, siku ya soko, Shallon alikuja mbio hata kiatu kimoja kimemtoka.

"Rahmah! Kimbia! Bantu beko nauwa Yosamu! Banasema kitabu yako ilimutaja!"

Yosamu alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Kahendero, kando ya ziwa. Kidole chake kililiwa na injini ya mtumbwi zamani, na hakuna mtu Bwera ambaye hajawahi kununua samaki kwenye mkono ule. Rahmah alitoka kama alivyokuwa, riwaya mkononi, maana Shallon alimkuta anasoma.

Walikuwa wamempigisha magoti nyuma ya ghala la kahawa. Shati limechanwa, jicho limevimba, samaki wake wamekanyagwa hadi wakawa unga. Mtu mmoja alikuwa ameshabingirisha tairi kuukuu, na Rahmah akalitambua lile tairi: lilitoka nyuma ya duka lake mwenyewe. Hasira ilimpanda. Walikuwa wanataka kumchoma mtu kwa riwaya ambayo hawakungoja hata imalizike.

"Shemeji, umefika muzuri," Badiru alisema, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa. "Somea bantu ile ulisoma Ijumaa."

"Shemeji, hii ni hadithi!" Rahmah alipaza sauti. "Hadithi tu! Mutu alikaa kwake akaitunga! Hiyo ziwa iko Japani!"

"Ziwa ni ziwa," alisema mtu nyuma.

"Na kidole?" Badiru akauliza. "Kidole pia iko Japani?"

Watu wakaguna kwamba hapo kuna hoja. Rahmah alitamani kumzaba kofi.

"Sikiliza, shemeji. Nimesoma mpaka mwisho. Ule mutu wa kidole hakuiba kitu! Mwenye nyumba alificha sanduku yeye mwenyewe! Nilikuwa nangoja Ijumaa nibaambie!"

Badiru akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mzazi aliyemshika mwanawe akidanganya. "Ijumaa kitabu inasema ni yeye. Leo inasema si yeye. Shemeji, amekupatia samaki ngapi?"

Wakacheka. Yosamu ametapakaa damu, mtu mwingine anakuja na kidumu cha petroli, na wao wanacheka. Rahmah aliwatazama mmoja mmoja. Aliwajua. Huyu alinunua plagi kwake. Huyu mkewe huja barazani. Alikuwa amewaambia ukweli kwa lugha yao, kwa sauti kubwa, mchana kweupe, na ukweli ulikuwa umewapita bila kuwagusa. Neno "hadithi" hawakulitaka. Walitaka kitabu kiseme.

Alijua dini yake inasema nini kuhusu wapiga ramli, na alijua kinywa kikishatamka jambo la namna hiyo hakilirudishi. Yule wa kidumu alikuwa anafungua kizibo.

"Basi," Rahmah akasema. "Mukae kimya. Kitabu haisomwi na kelele."

Kimya kikatanda pale, hata wa kidumu akasimama. Kimya hicho kilimuudhi kuliko kelele zote. Alivua kandambili, akafungua riwaya popote ilipofunguka, akasoma Kijapani kwa sauti nzito, polepole. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa yule mpishi anakatakata vitunguu majani huku akilalamikia magoti yake. Rahmah aliusoma kama anayemzika mtu. Alipofika chini alinyanyua macho.

"Kitabu inasema mwizi hana harufu ya samaki," alisema. "Inajua jina yake. Na inasema kila mukono yenye inagusa huyu mutu bila haki, jina ya mwenye mukono iko naandikwa humu, sasa hivi. Nianze kuyasoma?"

Mikono ikamwachia Yosamu kama iliyoshika sufuria ya moto. Badiru alirudi nyuma akamkanyaga mtu, wala hakuomba radhi. Muda si mrefu palibaki tairi, samaki waliopondeka, na wanawake wawili wakimnyanyua mwanamume anayetetemeka.

"Wasingya, mama," Yosamu alimshukuru, lakini macho yake yalikuwa kwenye riwaya, na alijipinda isimguse. "Mama, naomba. Jina yangu usiandike."

Na laiti yangeishia hapo. Kulipokucha betri ya Badiru ilikutwa langoni kwake, imepanguswa vumbi, nyaya zimekunjwa vizuri. Mwizi naye alikuwa amesikia habari za kitabu, pumbavu yule! Angeiuza Kongo kama wezi wenye akili, Rahmah angebaki mwongo tu, na uongo husahaulika. Sasa alikuwa amethibitishwa.

Wakaja. Kutoka Kinyamaseke alikuja mwenye mbuzi aliyepotea. Kutoka Kasese mjini alikuja mama mwenye gari zuri akitaka kujua mumewe analala wapi. Walileta kuku waliofungwa miguu, walileta sukari, walikaa kwenye benchi lake la vipuri wakingoja kuitwa. Rahmah aliwafukuza kwa ufagio. Waliondoka kwa adabu, wakinong'onezana kwamba wale wakali ndio wenye elimu ya kweli. Imamu alimtumia ujumbe kwamba ana maswali ya kumuuliza. Badiru, aliyezoea kuingia dukani akipiga kelele, sasa alibisha hodi na kuinamisha kichwa, na Rahmah alimchukia zaidi akiwa ameinama.

Akajisemea: Ijumaa. Ijumaa wanakuja wenyewe, waliosikia hadithi tangu mwanzo, wanaomjua mpishi. Nitawamalizia, tutacheka, Alisi atafoka, mambo yatarudi yalivyokuwa.

Walikuja wote. Hakuna aliyeuliza siku hizi unasoma nini. Gorret hakutoa riwaya yake kwenye mkoba. Shallon alikaa pembeni, mbali na kitabu. Alisi alikuwa amevua viatu, amefunika kichwa kwa kanga, amekaa kama mtu aliyefika kanisani mapema.

Rahmah akaanza. Alisimulia jinsi mchuuzi alivyoachiwa, jinsi sanduku lilivyokutwa kisimani, jinsi mwenye nyumba alivyoumbuka. Alingoja kelele. Hazikuja. Waliitikia "mmh" baada ya kila sentensi, kama kwenye mahubiri. Akaongeza sauti. Mmh. Basi hasira ikamfanya atunge. Alisema yule mpishi mzee aliolewa na mwenye nyumba, wakanunua lori, wakahamia Kyondo kulima kahawa.

"Mmh," wakaitikia.

Akapiga kitabu kwenye goti lake. "Alisi! Hata wewe? Mupishi wako ameolewa na mwizi, amehamia Kyondo, na wewe iko naitikia tu? Nigombeze! Sema nadanganya!"

Alisi hakugomba. Alikuwa anangoja amalize.

"Mama," alisema, na neno lenyewe lilimchoma Rahmah, maana walikuwa wakiitana kwa majina. "Jonan wangu alivuka kwenda Beni kununua vitenge. Ile vita ikaingia njiani. Simu yake haishike tena." Akajikokota kwenye mkeka akasogea karibu. "Kitabu inasema iko muzima?"

 Rahmah alimjua Jonan, mwana wa Alisi. Alimjua anavyocheka. Hakujua kwamba simu yake imenyamaza, maana wiki nzima hii hakuna aliyemweleza jambo lolote kama rafiki.

"Alisi, usinifanyie hivyo," alisema. "Wengine sawa, bajinga bote. Lakini wewe unajua hii ni nini! Wewe ulikuwa unagombana nayo!"

"Najua ni hadithi," Alisi akasema. "Lakini betri ilirudi."

"Ilirudi kwa woga ya mwizi! Humu hamuna Jonan! Humu kuna vitunguu na magoti ya mama muzee! Nikisema kitu nadanganya, unasikia? Nakudanganya wewe!"

Gorret aliangalia chini. Shallon alianza kulia taratibu. Alisi hakulia. Alimtazama Rahmah kwa hasira, hasira safi ya mama, ya kwanza Rahmah kuiona usoni mwake tangu wajuane.

"Mutu wa samaki, hata ndugu yako hapana, ulimusomea," alisema. "Mutoto wangu mimi, unamukatala?"

 Rahmah alimwaza Badiru, mwizi mpumbavu, wenye kuku, vita, na kila mtu aliyemfikisha hapo, na hapakuwa hata mmoja wa kumpiga. Mbele yake alikuwa Alisi peke yake, amekunja mikono, anangoja. Akafungua riwaya kwenye magoti yake, na kwa sauti ya ukali uleule aliowafukuzia watu kwa ufagio, akauliza:

"Jonan alizaliwa siku gani?"