Sikio la Eckhart Bühler

Kwa miaka thelathini na mmoja Eckhart Bühler alikuwa na kazi moja tu Kiwandani: mlango wa gari. Si rangi yake wala kioo chake, bali ile sauti unayoisikia ukiusukuma ufunge. Mgeni angecheka, lakini katika mji ule wa bonde la Neckar, Ujerumani, hakuna aliyecheka, maana nusu ya wanaume wake walizeekea Kiwandani na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha gari cha kujivunia. Siegbert Knapp alikuwa na giaboksi. Eckhart alikuwa na "dup".

Alipostaafu alibaki na kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kwenye meza ya wastaafu katika mkahawa wa Mwanakondoo, pembeni ya jiko la vigae la kupashia ukumbi joto, na kila Jumapili ya kwanza ya Oktoba, ibada ikiisha, kilishindaniwa. Wazee walifungwa leso za meza machoni, wakakalishwa migongo ikielekea dirishani, na huko nje Bibi Annegret, mwenye mkahawa, akaamuru milango mitano ya magari matano ifungwe mmoja baada ya mwingine. Kila mzee aliandika jibu kwenye kikadi cha kuwekea bia: la Kiwanda, au la watu wengine. Aliyepatia kuliko wote alikalia kiti mwaka mzima na kuitwa Sikio. Eckhart alikuwa Sikio miaka kumi na miwili mfululizo. Hata mchungaji alimwita hivyo.

Meza ile ilikuwa na sheria moja zaidi. Mwenye gari lisilo la Kiwanda nyumbani kwake hakutukanwa wala kununiwa. Alihamishiwa tu meza ya kando ya choo.

Basi fikiria hali yake siku mkewe Traudel aliporudi kutoka mjini na kutamka, huku akivua viatu, kwamba amenunua gari la Kichina.

"La nini?" Eckhart aliuliza.

"La Kichina. La umeme. La kijani."

"Traudel, unataka kuniua?"

"Nataka kwenda kwenye kwaya. Kiwanda chako kimeniambia nisubiri miezi kumi na moja, na kamera ya nyuma eti niombe pembeni kama mtu anayeomba chumvi. Wachina wamesema siku tisa. Nimehesabu umri wangu, bwana, nikachagua siku tisa."

"Hayo mabati! Mlango wake utalia kama kopo la maharage!"

"Umeusikia?"

"Sina haja ya kuusikia."

Na kweli hakuusikia. Siku gari lilipoletwa alivaa vile vizuia-kelele vya masikioni na kukata nyasi saa mbili nzima, ingawa alikuwa amezikata juzi yake. Traudel alizunguka gari lake jipya akilipapasa, akafungua na kufunga, akamtazama mumewe kule bustanini, akatikisa kichwa. Jioni Eckhart alilifunika gari turubai na kuweka masharti: likae gerejini, litoke kwa njia ya shambani, na Siegbert Knapp asilione abadani. Traudel alikubali haraka mno. Mwanamume mwenye akili angejiuliza kwa nini.

Lakini kulala nyumba moja na mlango mbovu kulimshinda. Kila alipopita gerejini alihisi kuwashwa, kama mpishi anayejua kuna sufuria inaungua jikoni kwa jirani. Alijiambia kwamba gari ni la adui, liachwe liaibike lenyewe. Kisha akajiambia kwamba anayeingia na kutoka humo ni mke wake. Jumanne ya kwanza, Traudel alipokwenda kwaya kwa lifti ya shoga yake, aliyekuwa na zamu ya kuendesha mwezi ule, Eckhart alibeba bisibisi, akaondoa turubai, na kabla hata hajaufunga ule mlango wa dereva mara moja ausikilize, alishauchojoa ngozi yake yote ya ndani.

Akakaa humo wiki tatu, kila Jumanne. Alibandika sufi nzito nyuma ya bati. Akang'oa mpira wa kuzunguka mlango na kuweka wa Kiwanda, uliokuwa umehifadhiwa darini kwa heshima kuliko picha za harusi. Akapima nafasi kati ya mlango na bodi kwa kile kipimo chake cha vijibati, juu, katikati, chini, akakuta milimita tatu na nusu kila mahali. Hilo lilimuudhi. Akasema ni bahati, akasogeza bawaba kidogo. Jumanne ya tatu alifunga mlango, akasikia "dup", machozi yakamlengalenga. Ulikuwa mlango wa dereva tu, mitatu mingine angeimaliza wakati wa baridi. Alijua kwamba amemfanyia kazi mshindani bila hata kuombwa, na alijua wenzake wangemla nyama kama wangejua. Alifurahi hivyohivyo.

Jumapili ya Oktoba ikafika. Eckhart alikwenda kwa miguu. Traudel alisema atakuja baadaye na bakuli la saladi ya viazi.

"Mwaka huu unahama, Eckhart," Siegbert alimkaribisha. "Nimemwambia Annegret akipige kiti brashi. Mimi sipendi kukalia vumbi la mtu."

"Wewe umesikiliza giaboksi miaka arobaini, Siegbert. Hata mkeo akikuita unasikia gia namba tatu."

Wazee saba walicheka, wakafungwa leso. Mlango wa kwanza ulifungwa huko nje, Eckhart akaandika bila kufikiri: la wengine. Wa pili: la Kiwanda, tena la zamani, bawaba kavu. Kisha ukaja wa tatu.

Ulijifunga kwa sauti nzito, fupi, isiyo na mwangwi, kama kitabu kinene kilichofungwa na mtu aliyeridhika. Eckhart aliweka kalamu chini na kuvua kofia.

"Huo," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "huo ni wa kwetu. Mtindo mpya kabisa. Wanangu wa kule karakana hawajanisahau."

"Hatusemi majibu!" Bibi Annegret alifoka kutoka dirishani, na mtu wa karibu angeona kwamba anajikaza asicheke.

Milango miwili ya mwisho haikumsumbua mtu. Leso zikafunguliwa, wazee wakasukumana dirishani, na pale uani, gari la tatu kwenye mstari, lilikuwa limesimama lile la kijani. Traudel alikuwa ameliegemea na bakuli lake la saladi.

"Lo!" Siegbert alisema. Akasoma jina la gari nyuma yake, kisha akalisoma tena, polepole, kwa utamu wote. "Si mke wako huyo, Sikio? Annegret, ile meza ya chooni ina kitambaa?"

Kicheko kilichofuata kilitikisa bilauri. Eckhart alihisi masikio yanawaka moto. Miaka kumi na miwili ilikuwa inamponyoka mbele ya macho ya watu, na alichobaki nacho mkononi kilikuwa siri yake ya Jumanne. Akaitoa.

"Nyamazeni!" Alipiga meza. "Nyamazeni, mnacheka nini? Mnadhani mmesikia Uchina? Mmenisikia mimi! Nimeufungua ule mlango kwa mikono yangu. Wiki tatu! Sufi yangu, mpira wa Kiwanda, bawaba nimeipanga mwenyewe. Nimesema ni wa kwetu, na ni wa kwetu!"

Wazee walitazamana. Mmoja akaanza kupiga meza kwa vifundo vya vidole, kama wanavyoshangilia wao, wengine wakafuata. Mtu aliyetambua kazi ya mkono wake mwenyewe akiwa amefungwa macho! Hata Siegbert alikuna kidevu, akakubali shingo upande kwamba sheria haikusema lolote kuhusu moyo wa Kijerumani ndani ya koti la Kichina. Bibi Annegret alikuwa ameshaanza kumimina bia ya ushindi.

"Eckhart," Traudel aliita kutoka uani, "ulitengeneza mlango upi?"

"Wa kwako! Wa dereva!"

"Ule wa kushoto."

"Sasa dereva anakaa wapi?"

Traudel alimpa Bibi Annegret bakuli kupitia dirishani, akajifuta mikono. "Mimi nimefunga wa kulia, mume wangu. Ambao hujaugusa. Ule wa kushoto, tangu mvua ya Jumatano, hizo sufi zako zimefura, haufungiki mpaka niupige kwa kiuno. Siku nne hizi napitia kwa abiria. Naruka breki ya mkono kama mbuzi, na umri huu."

Watu hawakuwa na mbavu. Siegbert alilia machozi. Alikuwa bado anajifuta aliposogelea kiti, na Bibi Annegret akamwekea mkono kifuani.

"Kikadi kwanza."

Siegbert alikificha nyuma. Alinyang'anywa. Mlango wa tatu: la Kiwanda. Bibi Annegret alikusanya vya wengine, akavisoma kimoja kimoja kwa sauti. La Kiwanda. La Kiwanda. La Kiwanda. Vyote saba. Mmoja wao alikuwa ameongeza alama mbili za mshangao.

Hakuna aliyecheka sasa. Eckhart alitoka uani bila kofia. Alikwenda upande wa kulia wa gari la kijani, akaufungua mlango, akaufunga kwa vidole viwili. Akaufungua tena, akainamisha kichwa, akaufunga. Aliumia, hilo halifichiki, na chini ya maumivu hayo alisikia furaha ambayo hakuwa amemwomba mtu ruhusa ya kuwa nayo. Mahali fulani mbali sana alikuwepo mtu mwingine aliyepoteza usingizi kwa ajili ya sauti hii, na hakuna kijiji chochote kilichompa kiti.

"Kazi safi," alisema. Ilimtoka kwa shida, kama jino.

Kisha alirudi ndani, akachukua bia yake, na akaenda mwenyewe kuketi meza ya kando ya choo. Baada ya dakika tano Siegbert alimfuata na sahani ya saladi, akasema tu kwamba kule karibu na jiko kuna joto. Kiti kilibaki tupu.

Jumanne iliyofuata Eckhart aliuchojoa tena mlango wa kushoto. Alitoa sufi yote, ikajaza ndoo, akarudisha mpira wa Kichina na kuirejesha bawaba pale ilipokuwa. Traudel alisimama kwenye mlango wa gereji na begi lake la kwaya, akimwangalia. Mumewe alipofunga mara ya mwisho walisikiliza wote wawili, mpaka sauti ilipoisha kabisa.

"Sasa," Traudel aliuliza, "naweza kupita kwangu?"