Joto la Kiti cha Kakule

Barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, kwa hiyo semina ya kimataifa ya thermodinamiki, elimu ya joto, ikahamishiwa Beni, katika ukumbi wa parokia. Wataalamu walishuka uwanja wa ndege wa Mavivi na masanduku ya vyombo vya kupimia joto. Mama Kavugho aliombwa kuwapikia. Aliwapikia bugali na sombe ya majani ya mihogo, akasimama mlangoni akiwaangalia wakila. Mtaani watu walisema hao wamefuata madini. Kavugho yeye, kila sanduku lililofunguliwa alichungulia ndani.

Nyumbani kwake, kiti cha mume wake Kakule hakikuwa kimepoa tangu wanajeshi wamchukue. Kilikuwa cha mbao tu. Asubuhi za baridi watoto waligombania kukikalia, na paka alizalia chini yake.

Mathe, mdogo wake Kakule, alipita kila Jumapili baada ya misa.

"Mama, ndugu yangu alishakufa. Batu balimupeleka fasi sijue. Tuwashe moto ya matanga, unyolewe kichwa, tumalize. Shamba ya Masereka inaota majani."

"Kiti yake iko moto."

"Ni jua ya dirisha."

"Dirisha iko upande ingine, shemeji."

Kwao, mtu akishaliliwa amekufa. Shamba linaenda kwa ndugu yake, na hakuna anayeulizwa tena aliko. Kwa hiyo Kavugho alikataa kulia. Alisali rozari macho makavu, na majirani wakamwona ana roho ngumu.

Siku moja, akiingiza chai ukumbini, alimkuta profesa Elsa, mzungu mrefu mwenye sauti ndogo, akifundisha. Éliakim, mwalimu kutoka Butembo, aliwatafsiria mapadri maneno yake kwa Kiswahili.

"Kitu ukikiacha peke yake, kinapoa mpaka kinalingana na nyumba. Kama hakilingani, donc kuna mahali kinalishwa joto. Mutu muzima ni vile vile. Siku analingana na nyumba, ni maiti."

Kavugho aliweka birika chini.

"Basi mukuje mupime kiti yangu," alisema.

Walikwenda. Kiti kilikuwa na joto la mwili wa mtu asiye na homa, na upande unaoelekea Mavivi ulizidi kidogo. Elsa alipima tena, akaomba kikombe cha chai. Halafu wakatoka kulifuata lile joto. Lilipita chini chini katikati ya mtaa wa Ruwenzori, upana wa ubao mmoja. Wanawake walikuwa wakianikia mihogo juu yake, na kuku walikuwa wameatamia kwa mstari.

"Sisi tulizani ni baraka tu," mama mmoja alisema, akasogeza mihogo yake wapite.

Mathe alijiunga nao, eti mama asitembee peke yake na wageni. Alitangulia mbele. Kila chombo kilipotaka kuonyesha kona, yeye alikuwa ameshaikata. Kavugho alitembea nyuma yake, macho kwenye mgongo wake.

Joto liliishia kwenye kontena la chuma kando ya uwanja wa ndege. Kamanda wa wanajeshi wa hapo aliwapokea vizuri, akaagiza viti.

"Mule ndani muko nini?" Éliakim aliuliza.

"Misumari."

Ndani mtu alikohoa.

"Misumari ya mingi," kamanda alisema.

Éliakim alitafsiri, Elsa akaandika. Kesho yake matokeo yalisomwa ukumbini: chanzo kimepatikana, hesabu zinakubaliana. Watu walipiga makofi. Siku ya kuondoka ndege ilichelewa, na jua lilikuwa kali, kwa hiyo wataalamu wakangojea kwenye kivuli cha kontena hilohilo, wakiongea polepole.

Mathe hakuja tena Jumapili. Alipanda mlimani Masereka kulima viazi, bila matanga.

Kavugho alipika, akafunika sahani kwa kitambaa, akashika njia ya Mavivi mpaka kwenye kontena. Askari wa zamu aliipokea, akaingia nayo ndani, akatoka nayo tupu.

"Hapana mutu mule, mama," alisema.

"Ndiyo, chef."

"Anasema kesho uongeze chumvi."

Kesho yake akaongeza.