Mtani wa Kwenye Simu

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Kanyenye, na mdomo wangu watu wa Tabora wanaujua. Mteja akinizungusha namwambia, diwani akipita bila salamu namwambia. Kwa hiyo najua mtaniuliza ilikuwaje mtu nisiyewahi kumwona uso akanifunga mdomo huo kwa wiki tatu nzima. Nitasema mwenyewe, maana mficha uchi hazai.

Mwanangu Shamimu tangu mdogo alitaka uuguzi tu. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka tuliwaambia majirani amefaulu. Hatukusema zaidi, na hakuna aliyeomba kuona cheti. Baada ya hapo mtoto akawa analala mchana kutwa, shuka usoni, hali, hasemi. Nilikuwa namwogopea, wallahi. Ndiyo maana siku aliponijia mbio na simu mkononi, nilimshukuru Mungu kabla sijasoma hata neno moja.

Lilikuwa tangazo la Facebook. Wasichana wenye sare nyeupe wamepanga mstari, wanacheka. Nafasi arobaini za mafunzo ya uuguzi, malazi bure, ajira ukimaliza, hata kama hukufaulu masomo ya sayansi. Chini, namba ya WhatsApp. Shamimu akaandika, na jioni ile ile nikapigiwa simu mimi.

"Shikamoo mama," sauti ya mwanamume, laini. "Naitwa Sabiri, mratibu wa chuo. Samahani, mama ni mtu wa wapi?"

Nikamwambia mimi Mnyamwezi, mzaliwa wa hapa hapa.

"Kumbe ni mtumwa wangu. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, shikamoo yangu nirudishie."

Hapo ndipo aliponimaliza. Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakishusha mizigo mpaka pwani kwa miguu. Mtani anakutukana msibani na wewe unacheka. Anakamata kuku wako, unamsindikiza. Kumkasirikia mtani ni aibu, na kumchunguza kama mwizi ni aibu kubwa zaidi. Nimelelewa hivyo, na mama yangu alilelewa hivyo.

Basi kila nilichouliza alinijibu kwa utani. Nikiuliza chuo kiko wapi hasa, anasema, "Tangu lini mpagazi akauliza mzigo unakwenda wapi? We beba." Nikacheka. Nikauliza mbona anataka vyeti halisi badala ya nakala. Akasema anataka kumuoa Shamimu, asije akaoa kilaza. Nikacheka tena. Siku moja nikamuuliza kwa sauti ya mzazi, mtani, mwanangu atakuwa salama kweli huko?

"Huyo nishamuuza," akasema. "Una lingine?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikawasimulia hata wateja, nao wakacheka.

Masharti yalikuwa mepesi. Tusitangaze jina la chuo, nafasi zimebaki chache. Shamimu aende Igunga, gari la chuo litampokea stendi saa nne asubuhi. Njiani azime simu, atunze chaji. Na mtu akijaribu kumrudisha, hata awe wa nyumbani, ajue hiyo ni husuda. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilimfukiza ubani, nikamsomea dua, nikampandisha basi mwenyewe. Hata sikulia, nilikuwa na furaha.

Saa mbili na nusu akaingia Consolatha kibandani kupimwa sare. Huyu ni nesi wa zahanati, mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Nikiwa namzungushia utepe kiunoni, maneno yakanitoka. Nikamwambia jiandae, muda si mrefu utapata mwenzako kazini, Shamimu ameitwa chuo.

"Hongera. Chuo gani?"

Nikamtajia.

"Kiko wapi?"

"Wanampokea Igunga kwanza."

Akanishika mkono, akaushusha. "Mama Shamimu, hebu ngoja." Akatoa simu, akafungua orodha ya vyuo vilivyosajiliwa. Akatafuta, akarudia kutafuta. "Jina hili halimo. Anapokelewa stendi? Chuo cha kweli unakiomba wewe na unaripoti getini. Hakikutafuti Facebook, wala hakikwambii ufanye siri. Vyeti?"

"Amebeba vyote."

"Halisi? Na simu yake?"

"Imezimwa."

Consolatha akakaa kwenye stuli bila kuuliza kama ni safi. Akaniambia mwaka jana binti wa jirani yao aliitwa hivyo hivyo. Alipatikana baada ya miezi minne, amefungiwa nyumbani kwa watu anawafanyia kazi, hajui hata yuko mji gani.

Neno la yule bwana likanirudia safari hii bila kicheko. Nishamuuza. Alikuwa ameniambia. Aliniambia mchana kweupe nami nikacheka, nikamshukuru, nikamtakia siku njema. Nilishika simu nimtukane matusi yote niliyojaliwa, Consolatha akaninyang'anya.

"Ukimpigia atamhamisha. Nina kaka yangu Igunga, Masolwa, anauza mchele hapo hapo karibu na stendi. Nitumie picha ya mtoto."

Masolwa akatumiwa picha. Namba ya kondakta ilikuwa kwenye tiketi, na tiketi alikuwa nayo Shamimu. Hatukuwa na la kufanya ila kukaa. Nilikaa kwenye cherehani, miguu ikawa inakanyaga pedali yenyewe, sindano inapanda na kushuka pasipo kitambaa. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Wateja wawili waliingia, wakaniona, wakabaki wamesimama mlangoni. Nilimwomba Mungu anichukue macho, anichukue mikono, ila huyu aniachie.

Saa nne na dakika chache simu ya Consolatha ikalia. Akaweka sauti ya nje.

"Nimemwona," Masolwa akasema, anahema. "Yumo ndani ya Noah nyeupe. Namwita kwa jina anageuza uso. Dereva anasema mimi mwehu, amewasha gari. Nimesimama mbele yake, lakini sijui nitakaa hapa mpaka lini."

"Mpe simu dirishani," nikamwambia. "Weka sauti asikie."

Kukawa na kelele za stendi, kisha pumzi ya mwanangu. Ningeitambua popote.

"Shamimu, shuka."

"Mama, walituambia mtapiga."

"Shuka, mwanangu. Hao ni matapeli."

"Walisema utajazwa maneno na watu. Niache, mama. Niache na mimi niwe mtu."

Nikamsihi kwa Mungu. Nikamtishia radhi, jambo ambalo sijawahi kumfanyia tangu nimzae. Hakushuka. Nikasikia dereva anapiga honi, anapiga tena, na Masolwa anapiga kelele asikanyagwe. Wateja mlangoni wamekodoa macho. Basi nikasema. Nilisema kwa sauti ile ninayoitia watu sokoni.

"Kemia ulipata F. Biolojia ulipata F. Tumewadanganya majirani, mimi na wewe. Hakuna chuo cha wauguzi kinachokuchukua na F hizo, Shamimu, hakipo. Anayekuchukua nazo hataki muuguzi."

Injini ikanguruma. Nikadhani nimempoteza, nikashika meza. Kisha nikasikia mlango wa gari unavutwa, mtu anagombana na mtu, kitu kinaanguka.

"Ameshuka," Masolwa akasema. "Ninaye. Ameshuka."

Gari liliondoka na begi lake na vyeti vyote ndani. Masolwa alishika namba za gari, akampeleka Shamimu polisi, wakaandika maelezo. Mpaka leo gari hilo halijaonekana. Jioni mtoto alishuka Tabora na nguo aliyovaa tu, akanipita mlangoni kama mpangaji.

Siku nne hakusema nami. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua matokeo yake, na nilijua ananichukia. Nilimwacha anichukie. Nilimpakulia chakula, akala, hilo lilinitosha. Usiku nilikuwa naamka kumhesabu mtoto mmoja kitandani.

Siku ya tano tulikuwa tunachambua mchele, yeye upande wake na mimi upande wangu, akasema bila kuniangalia kwamba kiti cha nyuma walikuwepo wengine wawili. Mmoja anaitwa Julieth, wa kijijini huko njia ya Nzega. Walikuwa wamepiga soga wakisubiri gari lijae.

"Walisikia uliyosema?" nikauliza. "Walisikia kwenye simu?"

"Kila neno. Julieth naye ana F ya kemia, alinionyesha cheti."

"Sasa mbona hawakushuka?"

Akatoa kokoto kwenye ungo, akaitupa.

"Mama zao hawakupiga."